Nilivyoupoteza Mji wa Lamu kwa Tunda la Mpira

Jumapili saa kumi na mbili jioni ndipo sura mpya ya One Piece, hadithi ya picha ya Kijapani kuhusu maharamia, inapofunguliwa rasmi kwenye simu zetu hapa Mombasa, kwa kuwa wakati huo kule Japani ni saa sita ya usiku na Jumatatu yao ndiyo kwanza inaingia. Kwetu huwa imebaki robo saa au nusu saa adhana ya Magharibi isikike, na kurasa kumi na saba zinatosha kusomwa katika nafasi hiyo mradi watu wasibishane njiani. Tunabishana. Tunakaa watu wanne au watano kwenye baraza ya nyumba ya bibi yangu, Kibokoni, muuza kahawa akipita na dele lake huku akigonganisha vikombe, nasi tumeiinamia simu ya mpwa wangu ambayo kioo chake kimepasuka pembe ya juu kulia. Manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hivyo kila ukurasa tunauanza kupitia ufa.

Hadithi yenyewe ilianza Julai 1997 katika jarida la Weekly Shonen Jump, mimi nikiwa bado chuoni nahangaika na juzuu Amma. Leo vitabu vyake vimepita juzuu mia moja, na mwandishi wake, Eiichiro Oda, bado hajamaliza kutueleza nguvu za maharamia wake zinatoka wapi na zinaishia wapi. Mtu akikaa na swali kwa muda huo wote bila jawabu, huanza kujitungia la kwake, na hivyo ndivyo nadharia zinavyozaliwa. Sisi nadharia zetu tunaziendesha kwa sheria ya vitendawili: anayetega hutegewa sikio, wenzake humpinga, na atakayeshindwa hutoa mji. Tofauti ni kwamba jawabu analo mtu aliye Japani, na huenda likachukua miaka kumi kutufikia. Kuna na sharti moja la nyongeza, kwamba anayeleta kurasa zilizovujishwa katikati ya wiki hana mji wa kudai kwa mtu, hata akipatia.

Mimi niliupoteza mji wa Lamu mwezi wa Machi 2022, siku chache kabla ya Ramadhani, na hadi leo mpwa wangu hunikumbusha kwamba nikitaka kwenda Lamu sharti nimwombe ruhusa.

Ilikuwa hivi. Katika ulimwengu wa One Piece nguvu nyingi hutokana na Matunda ya Shetani, ambayo yamegawanywa katika aina tatu: Paramecia, ambayo humpa mlaji mwili au uwezo wa ajabu, Zoan, ambayo humgeuza mnyama, na Logia, ambayo humfanya kuwa moto, mchanga, moshi au kitu kingine cha asili. Luffy, nahodha wetu, alikula Tunda tangu sura ya kwanza, na kwa karibu miaka 25 sote tuliamini kwamba ni Gomu Gomu, yaani mpira-mpira, la aina ya Paramecia. (Nifungue mabano kidogo: majina haya yanatukaa vizuri sisi Waswahili. Lugha inayosema polepole, motomoto na kizunguzungu haihitaji kufundishwa kwa nini Tunda likaitwa Mera Mera au Gura Gura.) Katikati ya 2021, mhusika mmoja anayeitwa Who's Who alimwambia Jinbe, mwenzake Luffy, kwamba zamani, akiwa wakala wa Serikali ya Dunia, alikuwa akilinda meli iliyobeba Gomu Gomu, kwamba haramia Shanks na watu wake waliliiba Tunda hilo, na kwamba yeye alifungwa kwa kulipoteza. Katika mazungumzo hayohayo akataja jina la Nika, mungu wa jua ambaye watumwa wa kale walimtumaini awakomboe.

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, aliiweka simu chini akasema, "Mjomba, Serikali haiwekei mpira walinzi." Akatega nadharia yake papo hapo: Gomu Gomu si jina la Tunda lile, ni jina la kulifichia, na kilichomo ndani ni huyo Nika.

Mimi nilicheka. Nilimjibu kwamba Enel, aliyejiita mungu na kurusha radi kule Skypiea, alishindwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba umeme haupiti kwenye mpira, jambo ambalo hata fundi wa stima wa mtaani analijua ndiyo maana akavaa glavu. Nilimwambia kwamba mwandishi hawezi kujenga ushindi mzima juu ya mpira halafu atuambie si mpira. Nikaweka Lamu, kwa kiburi, kwa sababu nilijua anaipenda. Karibu miezi tisa baadaye, sura ya 1044 ikawaonyesha wazee watano wanaoitawala dunia ile wakikiri kwamba Tunda hilo ni Hito Hito, mtu-mtu, la aina ya Zoan, mfano wa Nika, na kwamba Serikali ndiyo iliyolibandika jina jingine ili lisahaulike. Wakaongeza kwamba Matunda ya Zoan yana utashi wake, na hili limekuwa likiwaponyoka kwa miaka 800. Mwili wake kweli una tabia ya mpira, kwa hivyo Enel alishindwa kihalali. Lakini mpira ulikuwa ganda. Niliitoa Lamu mbele ya mashahidi, pamoja na Shela na punda wake wote.

Tangu hapo nimefikiri sana kwa nini kijana wa kidato cha tatu aliona nisichokiona mimi niliyeanza kuisoma kabla yake, na nimefikia maoni ambayo nayatumia kupima kila nadharia inayoletwa barazani. Mimi nilitazama nguvu. Yeye alitazama mwiko. Huku kwetu anayeingia katika mambo ya uganga hapewi dawa peke yake, hupewa na miiko yake: usile hiki, usipite pale, usilitaje jina fulani. Na mara nyingi miiko ndiyo inayokueleza umeshika nini, kwa sababu dawa inaweza kujificha katika kifuko lakini katazo lazima lisemwe. Serikali iliyolibadilisha jina Tunda ilikuwa kama mtu anayekwenda dukani usiku na kukataa kuitaja sindano kwa jina lake. Anayemsikiliza vizuri atajua kuwa anayoitaka ni sindano.

Ukiirudia hadithi kwa jicho hilo, utaona kwamba Oda mwenyewe hupigana kwa miiko. Crocodile, adui wa Luffy katika nchi ya Alabasta, ni mchanga mtupu, ngumi zinampita, na Luffy anashindwa mara ya kwanza vibaya sana. Mara ya pili anakuja na pipa la maji mgongoni, kwa kuwa mchanga ukilowa hushikana, na mara ya tatu, maji yakiwa hakuna, anampiga kwa ngumi zilizolowa damu yake mwenyewe. Hakuna nguvu mpya iliyoletwa pale. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyegundua mwiko wa mchanga. Na juu ya miiko yote hiyo midogo upo ule mkuu, kwamba kila aliyekula Tunda bahari inamkataa. Akitumbukia huzama kama jiwe. Sisi tunaoishi kisiwani na kuvuka Likoni kwa feri tunaielewa adhabu hiyo kuliko watu wa bara. Katika sura ya 1069, mwanasayansi Vegapunk anaieleza kwa namna iliyonifurahisha: Matunda yale ni ndoto za watu waliotamani binadamu awe vingine, ni vitu vilivyo nje ya maumbile, na kwa hiyo maumbile, ambayo mama yake ni bahari, yanavichukia.

Kwa kipimo hiki, nadharia nyingi zinaanguka zenyewe. Wapo mashabiki ambao kwa zaidi ya miaka 20 wamesema kwamba Dragon, baba yake Luffy, ana nguvu za upepo, kwa sababu tufani ilivuma siku alipojitokeza katika mji wa Loguetown na radi ikampiga aliyetaka kumkata Luffy kichwa. Huenda ikawa kweli. Lakini kama nadharia ni nyepesi, maana haituambii upepo huo ungezuiwa na nini, ungemgharimu nini, au kwa nini mwenye upepo ahitaji jeshi la wanamapinduzi. Mabishano ya nani angempiga nani siyaingii kabisa. Huko hakuna mji wa kuwekea.

Nguvu ya pili katika hadithi, isiyotokana na Tunda, inaitwa Haki, na hapa lugha yetu imetuwekea mtego. Kwa Kijapani neno hilo ni msukumo wa roho unaomwezesha mtu kuhisi lijalo, kuugumisha mwili wake, au kuwaangusha wengine kwa kuwatazama tu. Kwetu haki ni haki. Mara ya kwanza mpwa wangu alipomweleza bibi kwamba Luffy "ana Haki ya kifalme", bibi alitikisa kichwa akasema wafalme aliowasikia yeye hawakuwa na haki hata kidogo. Utamu ni kwamba wanajeshi wa majini katika hadithi hii huvaa makoti yaliyoandikwa mgongoni neno la Kijapani lenye maana ya haki yetu sisi, uadilifu. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, askari ameibeba haki mgongoni na haramia anayo ngumini, na sidhani kama kuna msomaji wa lugha nyingine aliyejaliwa kichekesho hicho. Kuhusu mwiko wake, Haki huisha kama pumzi. Ukiitumia yote unabaki mtupu mpaka irudi. Kaido, mmoja wa maharamia wakubwa, alisema waziwazi kwamba Tunda peke yake haliwezi kuitiisha dunia, akamtolea mfano Roger, mfalme wa maharamia, ambaye hakuwa na Tunda lolote.

Lakini anayetukesha barazani kuliko wote ni Marshall D. Teach, Ndevu Nyeusi, na sababu ni kwamba yeye ndiye pekee aliyeuvunja mwiko mbele ya macho yetu. Katika sehemu ya hadithi iitwayo Enies Lobby tulishaambiwa kwamba ndani ya kila Tunda mna shetani, kwamba wakikutana wawili katika mwili mmoja hugombana, na kwamba mwili wenyewe hupasuka. Teach alikuwa tayari amekula Yami Yami, tunda la giza, ambalo alimuua Thatch, mwenzake wa meli moja, ili alipate. Kisha katika vita vya Marineford, sura zilizotoka 2010, yeye na watu wake wakaifunika maiti ya Ndevu Nyeupe, nahodha wake wa zamani, kwa kitambaa cheusi, na alipotoka chini ya kitambaa hicho alikuwa na Gura Gura, nguvu ya kuitetemesha ardhi. Marco, aliyeishi naye merini miaka mingi, alisema mwili wa Teach si kama wa watu wengine. Hakueleza zaidi, na tangu siku hiyo watu hawajalala.

Kuna kambi mbili. Ya kwanza husema siri iko katika giza lenyewe: Yami Yami huvuta kila kitu, huzima nguvu za anayeguswa, kwa hiyo linaweza kuvuta na Tunda la maiti. Jirani yetu mmoja, fundi seremala, ni wa kambi hiyo na ameiwekea Malindi. Ubora wa nadharia hii ni kwamba haiongezi kitu kisichokuwapo. Ubaya wake ni kwamba inaeleza jinsi ya kuiba mzigo wa pili, haielezi jinsi ya kuubeba. Tena giza lina gharama inayojulikana, maana Teach hawezi kuwa hewa mapigo yakampita kama wenzake wa Logia. Huvuta na maumivu pia, na akipigwa huumia kuliko mtu wa kawaida. Tulimwona akigaragara mbele ya Ace, ndugu yake Luffy.

Kambi ya pili, ambayo ni yangu, husema kwamba Teach si mtu mmoja. Ushahidi wake umetawanyika kwa miaka mingi, na hilo ndilo linalonipa imani. Bendera yake ina mafuvu matatu. Kule kisiwa cha Jaya, alipoondoka baada ya kuwaambia ndoto za watu haziishi, Nami, wa meli ya Luffy, aliuliza yule ni nani, na Luffy na Zoro, mwenzao, wakamsahihisha kwamba si "yule", bali ni "wale". Baadaye, katika kumbukumbu za zama za samurai Oden, tukasikia kwamba Teach hajawahi kulala maishani mwake. Fuvu moja ni pambo, neno moja la ajabu ni utani, lakini mtu asiyelala ni mwiko, na mwiko hauwekwi ovyo.

Jioni moja tulikuwa tumefika hapo, sauti zimepanda, bibi akiwa ndani ya mlango anachagua mchele kwenye ungo. Akauliza ni nani huyo asiyelala. Mpwa wangu akamsimulia kwa ufupi, akaruka vita vyote, akaeleza kwamba ndani ya Tunda mna shetani na kwamba huyu bwana anao wawili na huenda akawataka watatu. Bibi hakushangaa hata kidogo. Alisema, bila kuinua macho kwenye ungo, kwamba mtu mmoja anaweza kuwa kiti cha pepo zaidi ya mmoja, hilo halina ajabu, walikuwapo wanawake wa namna hiyo mtaani alipokuwa msichana. Ajabu ni kwamba kila pepo hudai chano chake, na wala hakubali cha mwenzake. "Mmoja akilishwa," akasema, "mwingine yuko macho anangoja. Ndiyo maana halali."

Tulinyamaza. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatafuta mwili wenye nafasi ya mashetani wawili, kana kwamba tunapima chumba cha kupangisha, na hakuna aliyeuliza wanalishwa nini. Nimeijenga upya nadharia yangu juu ya neno hilo la bibi, na sasa inasema hivi: Teach amezaliwa akiwa kiti cha zaidi ya mmoja, ndiyo sababu hapasuki, lakini kila Tunda analoliongeza linaongeza na chano, na hatimaye atakayemshinda si mwenye ngumi nzito kuliko yake bali ni atakayewagombanisha walio ndani yake. Fuvu la tatu ni la Tunda ambalo atalila na litakalomzidi. Nimeiwekea Kilwa. Fundi seremala amesema ni uganga mtupu, nami nimemjibu kwamba hadithi yenyewe ni ya Matunda ya Shetani, alitarajia nini, hesabu za mbao?

Sasa lipo la Luffy, ambalo limeingia juzijuzi na limenikalia vibaya. Mpwa wangu, ambaye siku hizi yuko chuo kikuu na huja mwishoni mwa wiki, ametega kwamba Gia ya Tano, ile hali ambayo Luffy anageuka mweupe, anacheka na kuichezea ardhi kama unga uliokandwa, inamla umri. Ushahidi wake ameupanga vizuri kuliko nilivyotaka. Adui mmoja, Lucci, alipoiona Gia ya Pili, hali ya awali ya namna hiyo, alimwambia Luffy kwamba anajipunguzia maisha. Kule gereza la Impel Down, baada ya sumu ya Magellan, mkuu wa gereza, mfungwa Ivankov aliyemtibu alisema matibabu yale yamemgharimu miaka kumi. Na kule kisiwa cha Egghead, baada ya kutumia Gia ya Tano, Luffy alinyauka akawa kama kizee, ngozi imemlegea, hawezi hata kusimama.

Nimempinga kwamba Luffy alikula akarudi kuwa kijana, na kwamba deni linalolipika kwa nyama si deni la umri. Nimemwambia pia kwamba Tunda lina mwiko wake tayari, nao ni bahari. Anayetaka kuongeza wa pili alete ukurasa unaousema, si kurasa tatu za watu tofauti alizoziunga kwa uzi wake mwenyewe. Akanijibu kwa heshima zote kwamba hivyo ndivyo nilivyomwambia na mwaka 2021. Nikaweka Pemba.

Bibi, ambaye siku hizi hujileta karibu na mlango ikikaribia saa kumi na mbili na kujifanya anatafuta upepo, aliomba aonyeshwe picha. Mpwa wangu akampa simu. Aliitazama sura ile nyeupe inayocheka, akasogeza kidole juu ya ufa kana kwamba angeweza kuufuta, kisha akauliza: "Huyu kijana anacheka hivi wakati wote anapopigana?" Tukamwambia ndiyo. "Na anayemlipia cheko lote hili ni nani?"

Mpwa wangu alinitazama mimi. Adhana ikaadhiniwa, tukainuka. Jumapili hii Oda amepumzika, hakuna sura, kwa hivyo Pemba bado ni yangu.